Nani mwenye shehena? Uganda, Kenya na ukiritimba wa mafuta

Tangu Julai 2024, petroli na dizeli ya Uganda huagizwa kutoka nje na kampuni moja tu: Kampuni ya Taifa ya Mafuta ya Uganda, UNOC. Nayo UNOC hununua kwa muuzaji mmoja, Vitol Bahrain, tawi la Vitol, kampuni ya kimataifa ya biashara ya mafuta. TotalEnergies, Vivo yenye vituo vya Shell, Rubis, Stabex na kampuni nyingine tunazoziona barabarani hupata mzigo wao kwa UNOC kwanza, ndipo boda boda wa Mbale au lori la mahindi la Lira lijaze tangi. Kabla ya kufika hapo kulikuwa na miezi minane hivi ya mvutano mkali na Kenya: sheria mpya iliyopitishwa Kampala, leseni iliyokwama Nairobi, amri ya mahakama iliyotoka Machakos, kesi iliyofunguliwa Arusha, na hatimaye marais wawili kuyamaliza wao wenyewe.

Ugomvi huu umezoeleka kusimuliwa kama vita kati ya biashara huria na ukiritimba, Uganda ikiwa upande wa ukiritimba. Simulizi hiyo inapotosha. Uganda ilipotangaza mpango wake, Kenya yenyewe ilikuwa imeshaacha ushindani miezi saba nyuma. Kilichokuwa mezani ni ukiritimba wa nani utakaobeba mafuta ya Waganda, na faida yake itabaki mfukoni mwa nani.

Mafuta yanavyofika Kampala

Meli inayotoka Ghuba hutia nanga Kipevu, Mombasa. Gati jipya la mafuta la Kipevu, lililozinduliwa Agosti 2022, laweza kuhudumia meli nne kwa wakati mmoja; lile la zamani lilihudumia moja. Kutoka gatini mafuta husukumwa hadi kwenye matangi ya Kampuni ya Mabomba ya Kenya (KPC), kisha huingia bomba la inchi 20 linalokwenda Nairobi, umbali wa kilomita 450 hivi. Kutoka Nairobi bomba huelekea magharibi na kugawanyika, tawi moja likienda Eldoret na jingine Kisumu. Hapo ndipo mwisho wake. Mzigo wa Uganda hupakiwa kwenye malori ya tangi na kuvuka Malaba au Busia, ushuru ukiwa umeshalipwa au kudhaminiwa kabla lori halijaondoka depo, kwa utaratibu wa himaya moja ya forodha ya Afrika Mashariki. Sehemu nyingine hupakiwa melini kwenye gati la mafuta la Kisumu na kuvushwa Ziwa Victoria hadi kituo cha Mahathi, Bugiri-Bukasa, upande wa Entebbe.

Zaidi ya asilimia 90 ya mafuta ya Uganda hupita Kenya. Yanayobaki hupita Tanzania. Kwa jumla ni kama lita bilioni 2.5 kwa mwaka, zenye thamani inayokaribia dola bilioni 2. Hii ni bidhaa inayokula dola nyingi kuliko karibu kitu kingine chochote tunachoagiza.

Angalia sasa nani anamiliki nini njiani. Gati ni la mamlaka ya bandari ya Kenya. Bomba na matangi ni ya KPC. Lakini mafuta yaliyomo bombani ni ya yule ambaye jina lake limo kwenye hati ya shehena, na huyo ndiye anayeamua nani auziwe, lini, kwa bei gani na kwa fedha gani. Uganda ililitaka jina hilo. Bomba lisukume kama kawaida, KPC ilipwe ada zake kama kawaida, ila kwenye hati paandikwe UNOC. Ukilishika hili, sehemu kubwa ya ugomvi inaeleweka.

Kilichobadilika Nairobi mwaka 2023

Kwa karibu miaka ishirini Kenya ilitumia zabuni ya wazi. Kila mwezi kampuni za mafuta zenye leseni zilishindana kuleta shehena, na aliyetaja nyongeza ndogo zaidi ndiye aliyeleta kwa niaba ya wote. Wengine walimlipa kwa kadiri ya sehemu zao. Nyongeza ni kile kiasi ambacho muuzaji huongeza juu ya bei ya soko la Ghuba, inayotangazwa na shirika la Platts, ili kufidia meli, bima, riba na faida yake. Bei ya Platts haina mjadala, kila mtu duniani anaifuata. Ushindani wote wa zabuni ulikuwa juu ya nyongeza tu. Kampuni za Uganda ziliingia humo kupitia kampuni dada zao za Kenya au kwa kununua kwa wenye leseni.

Mwanzoni mwa 2023 shilingi ya Kenya ilikuwa inaporomoka na dola zilikuwa adimu. Mafuta peke yake yalihitaji takriban dola milioni 500 kila mwezi. Machi 2023 serikali ya Rais Ruto ikasaini mkataba wa serikali kwa serikali na kampuni tatu za Ghuba: Saudi Aramco ya Saudia, pamoja na ADNOC na ENOC za Falme za Kiarabu. Shehena zingeletwa kwa mkopo wa siku 180. Nchini Kenya mzigo ungepokewa na kampuni tatu zilizoteuliwa, Gulf Energy, Galana na Oryx, na wengine wote wangenunua kwao. Aprili utaratibu ukaanza, na zabuni ya kila mwezi ikawekwa kando.

Kwa Kenya hoja ilikuwa na mashiko. Badala ya kampuni zote kugombania dola kila mwisho wa mwezi, zingelipa kwa shilingi za Kenya na benki zingepata miezi sita ya kukusanya dola taratibu. Ila mkopo una bei. Nyongeza iliwekwa kuwa dola 118 kwa tani ya dizeli na dola 97.5 kwa tani ya petroli, na kwa kuwa zabuni haikuwapo tena, hapakuwa na mtu wa kuishusha kwa ushindani.

Uganda ikajikuta ndani ya mpango huo bila kuulizwa. Shilingi ya Uganda mwaka ule ilikuwa imetulia na kampuni za Kampala zilikuwa zinapata dola zake. Hazikuwa na haja na mkopo wa siku 180. Hata hivyo zililipa nyongeza iliyobeba gharama ya mkopo huo. Na kwa vile mafuta ya kupita, yaani yale yanayovuka Kenya kwenda nchi jirani, hulipiwa kwa dola, fedha za Uganda zilisaidia kuujaza mfuko wa dola ambao Kenya ilikuwa inauhangaikia. Uganda ilinunuliwa dawa ya ugonjwa usio wake, kisha ikaletewa bili. Nadhani hiki ndicho kiini cha malalamiko ya Kampala, na kilistahili kusemwa waziwazi tangu mwanzo kuliko zile kauli za jumla za viongozi wake kuhusu madalali wanaopandisha bei.

Lalamiko la pili lilikuwa la zamani zaidi. Kila mafuta yalipopungua Mombasa, mnunuzi wa Uganda ndiye aliyesubiri. Waziri wa Nishati Ruth Nankabirwa alilitaja hilo bungeni Kampala: kampuni za Uganda zinapohesabiwa kuwa za daraja la pili, upungufu wa Nairobi hugeuka ukame wa Kampala.

Rais Museveni alitoa takwimu zake Novemba 2023. Alisema muuzaji wa jumla angeleta dizeli kwa nyongeza ya dola 83 kwa tani badala ya 118, na petroli kwa dola 61.5 badala ya 97.5. Mwezi huo huo Bunge likabadili Sheria ya Ugavi wa Petroli, UNOC ikapewa haki ya pekee ya kuagiza, na mkataba wa miaka mitano na Vitol Bahrain ukawekwa hadharani kama mpango wa serikali.

Dola 35 ni shilingi ngapi kwenye pampu?

Hesabu hii haikufanywa mbele ya wananchi, na inafaa kufanywa. Tani moja ya dizeli ni kama lita 1,180. Tofauti ya dola 35 ukiigawa humo unapata senti tatu za dola kwa lita, na kwa dola ya shilingi 3,700 hiyo ni kama shilingi 110 za Uganda. Petroli ni nyepesi zaidi. Tani moja ina lita 1,340 hivi. Tofauti ya dola 36 inakuwa kama shilingi 100 kwa lita.

Kwa hiyo hata kama nafuu yote ingeteremka hadi kwa mnunuzi bila mtu yeyote kukatia njiani, boda boda angeona shilingi mia kwenye lita ya zaidi ya shilingi elfu tano. Na mwezi ule ule ambao shehena za kwanza za UNOC zilifika, Julai 2024, serikali ilipandisha ushuru wa bidhaa: petroli kutoka shilingi 1,450 hadi 1,550 kwa lita, dizeli kutoka 1,130 hadi 1,230. Shilingi mia iliyookolewa Mombasa ililingana na shilingi mia iliyoongezwa Kampala. Aliyekuwa akingoja bei ishuke alikuwa na haki ya kuuliza iko wapi nafuu. Jibu la kweli ni kwamba hata ikiwapo, inakwenda hazina.

Kwa taifa, hata hivyo, si kiasi cha kubeza. Shilingi mia mara lita bilioni 2.5 ni shilingi bilioni 250 kwa mwaka. Hiyo ndiyo fedha iliyokuwa ikipiganiwa, na ndiyo maana pande zote mbili hazikukubali kulegeza haraka.

Ikumbukwe pia kwamba Uganda haipangi bei za pampu. Soko lilifunguliwa miaka ya 1990, na kila kampuni hujipangia. Kenya hutangaza bei ya juu kabisa kila tarehe 14 ya mwezi, hivyo Mkenya anaweza kuona nyongeza, ada ya bomba, faida ya muuzaji na kodi, kila kimoja kwenye mstari wake. Mganda huona tarakimu moja tu kwenye ubao wa kituo. UNOC ilipopewa haki ya pekee, ilipaswa kuambatanishwa na wajibu wa kutangaza mchanganuo kama huo kwa kila shehena. Bila hilo hakuna awezaye kuthibitisha kuwa dola 35 zinaokolewa kweli, hata wabunge waliopitisha sheria.

Leseni iliyokwama

Ili jina la UNOC likae kwenye hati ya shehena inayopita bomba la KPC, mamlaka ya nishati ya Kenya, EPRA, ilitaka UNOC iwe na leseni ya kampuni ya mafuta ya Kenya. Masharti yalikuwa haya: mauzo ya lita milioni 6.6 kwa mwaka, depo yenye leseni, vituo vitano vya kuuzia mafuta, na mapato ya dola milioni 10 kwa mwaka katika miaka mitatu iliyotangulia. UNOC ilianzishwa 2015 kusimamia maslahi ya Uganda katika mafuta ghafi ya Hoima. Haikuwa na hata pampu moja Kenya, wala haikuwa na nia ya kuuza lita moja huko.

Haki itendeke kwa Kenya: masharti hayo hayakutungwa kumkomoa jirani. Yalikuwepo kuwazuia wafanyabiashara wa mkoba, watu wanaojisajili asubuhi, wanapata mgao wa shehena mchana na kuuza mgao huo jioni bila kumiliki tangi wala lori. Katika mfumo ambao kampuni zote zinatumia matangi yale yale, mmoja akishindwa kulipa mzigo wake unakaa tangini, nafasi inakosekana, meli inayofuata inasubiri baharini, na faini ya kuchelewesha meli inagawanywa kwa kila mtu, wasio na hatia wakiwemo. Kanuni kali zina sababu.

Ila kanuni hizo zilimfikiria muuzaji wa ndani. Kampuni ya taifa jirani inayopitisha mzigo tu haikuwamo mawazoni mwa aliyeziandika, na ndiyo sababu Uganda iliomba isamehewe masharti hayo. EPRA ilisita. Kisha wananchi binafsi wakafungua shauri katika Mahakama Kuu ya Machakos, na mahakama ikatoa amri ya muda kuizuia EPRA kutoa leseni. Toka hapo serikali ya Kenya ilikuwa na jibu rahisi kwa Kampala: jambo liko mahakamani.

Nyuma ya jibu hilo kulikuwa na maslahi mazito. Uganda ndiyo mteja mkubwa kuliko wote wa mafuta ya kupita katika bomba la KPC. Mkataba wa Ghuba ulijengwa juu ya wingi wa shehena, na ukiondoa mzigo wa Uganda wingi huo unapungua ghafla. Kampuni za Kenya zilizokuwa zikiwauzia Waganda zingepoteza biashara. Na dola za mafuta ya kupita zingeacha kupita kwenye benki za Nairobi katika mwaka ambao Kenya ilizihitaji kuliko wakati wowote.

Tarehe 28 Desemba 2023 Mwanasheria Mkuu wa Uganda alifungua kesi katika Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, Arusha. Serikali za Jumuiya hazipendi kushtakiana, kwa hiyo hatua yenyewe ilikuwa ujumbe hata kabla jaji hajafungua jalada.

Kisheria swali ni gumu kuliko linavyoonekana. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari, kifungu cha 125, unaipa nchi isiyo na bahari uhuru wa kupitisha bidhaa zake katika nchi jirani. Kifungu hicho hicho kinasema masharti ya kupita yatakubaliwa kati ya nchi husika, na kwamba nchi yenye bahari ina haki ya kulinda maslahi yake halali. Juu yake kuna Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki na makubaliano ya Ushoroba wa Kaskazini, njia ya biashara kutoka Mombasa hadi nchi za ndani, ambayo yote yanazungumzia kupita bila vikwazo. Lakini hakuna aliyezuia mafuta kupita! Malori yalivuka Malaba kila siku wakati wote wa ugomvi. Kilichozuiwa ni kampuni fulani kuwa mmiliki wa mafuta hayo tangu baharini. Je, uhuru wa kupita ni wa bidhaa peke yake, au unamfuata pia mwenye bidhaa? Nchi zote zisizo na bahari katika ukanda huu, Rwanda, Burundi na Sudan Kusini, zingefaidika na jibu la majaji. Kwa maoni yangu kukosekana kwa jibu hilo ndiyo hasara kubwa iliyobaki, kwa sababu mkwamo kama huu unaweza kurudi kesho kwa saruji, mbolea au chuma.

Jinsi ulivyomalizwa

Kampala ilikuwa na turufu mbili. Ya kwanza ilikuwa Tanzania. Mazungumzo ya kupitishia mafuta Dar es Salaam na Tanga yalifanywa kwa sauti ya kusikika Nairobi. Kwa hesabu tupu njia hiyo ni ghali: kutoka Dar es Salaam hadi Kampala kupitia Mutukula ni zaidi ya kilomita 1,500 za barabara, na hakuna bomba la mafuta yaliyosafishwa la kupunguza safari, wakati kutoka Mombasa sehemu kubwa ya njia mafuta husukumwa ndani ya chuma. Lakini Kenya ilijua Uganda haitishii tu. Aprili 2016 Kampala iliacha mpango wa kupitisha bomba la mafuta ghafi Kenya na kuchagua Tanga. Ujenzi wa bomba hilo la kilomita 1,443, kutoka Hoima hadi Tanga, ukaelekezwa Tanzania. Aliyewahi kuachwa mara moja husikiliza.

Turufu ya pili ilikuwa uwekezaji wa Kenya yenyewe. Gati la Kisumu lilijengwa kwa kutegemea mzigo wa Uganda. Kumpoteza mteja huyo ni kubaki na gati lisilo na kazi.

Machi 2024 EPRA ilitoa leseni. Tarehe 16 Mei 2024, Museveni akiwa katika ziara ya kitaifa Nairobi, ukasainiwa mkataba wa pande tatu unaoiruhusu UNOC kuagiza na kupitisha mafuta kwa mfumo wa KPC. Julai shehena za kwanza zikashushwa Mombasa. Majaji wa Arusha hawakuwa wametoa uamuzi.

Katika ziara hiyo hiyo marais walikubaliana pia kurefusha bomba la mafuta yaliyosafishwa kutoka Eldoret hadi Kampala na kuendelea Kigali. Ahadi hii ina umri wa karibu miaka thelathini. Kampuni ya Tamoil ya Libya iliwahi kupewa kazi hiyo miaka ya 2000, ikaja kunyang'anywa bila hata mita moja kulazwa. Mwenye biashara ya malori asiuze malori yake bado.

Ukiritimba mpya una udhaifu wake

Wa kwanza ni Vitol yenyewe. Tangu 2022 Vitol ndiye mmiliki mkuu wa Vivo Energy, kampuni inayoendesha vituo vya Shell Uganda na Kenya. Maana yake anayewauzia wote mafuta ya jumla ana ndugu anayeshindana nao rejareja. Hilo peke yake si kosa, na bei ya UNOC inapaswa kuwa moja kwa wote. Lakini katika biashara hii mtu haumizwi kwa bei tu. Anaumizwa kwa foleni: nani anapakia Eldoret Jumatatu, na nani anaambiwa arudi Alhamisi. Mwenye vituo vinne Masaka akikosa mzigo siku tatu, wateja wake wanahamia kwa jirani na wengine hawarudi. Utaratibu wa kupanga foleni hiyo ndio unaostahili kukaguliwa kwanza, na kukaguliwa na mtu asiye mwajiriwa wa UNOC.

Pia Desemba 2020 Vitol ilikubali kulipa zaidi ya dola milioni 135 kumaliza mashtaka nchini Marekani kuhusu hongo huko Brazil, Ecuador na Mexico. Serikali inayosaini mkataba wa miaka mitano na kampuni yenye historia hiyo ina sababu ya ziada ya kuuchapisha mkataba mzima. Na mwishoni mwa 2025 uhusiano ukawa mzito zaidi, pale Bunge la Uganda lilipoidhinisha mkopo wa hadi dola bilioni 2 kutoka kwa Vitol Bahrain. Muuzaji amekuwa pia mdai. Siku ya kujadili upya nyongeza, meza haitakuwa sawa.

Udhaifu wa pili ni akiba, na huu ndio unaomgusa mwananchi moja kwa moja. Lita bilioni 2.5 kwa mwaka ni karibu lita milioni 6.8 kwa siku. Matangi ya akiba ya serikali yaliyoko Jinja yanachukua lita milioni 30, yaani siku nne na kidogo, tena yakiwa yamejaa. Matangi ya Mahathi yana nafasi ya lita milioni 70, siku kumi hivi. Nchi imeshaona kinachotokea njia ikifungwa. Julai 1976, baada ya uvamizi wa Entebbe, mafuta ya kwenda Uganda yalizuiwa Kenya na utawala wa Amin ukabanwa koo. Januari 2008, ghasia za uchaguzi wa Kenya zilipofunga barabara na reli, Kampala ilipanga foleni. Januari 2022, madereva walipogoma mpakani kwa sababu ya ada za vipimo vya korona, lita ya petroli ilivuka shilingi 10,000 katika baadhi ya miji ya mikoani. Katika visa hivyo vyote jina lililokuwa kwenye hati ya shehena lisingebadili kitu. Tangi lililojaa Jinja lingebadili.

Serikali ilisema mpango wa Vitol utaambatana na akiba ya dharura kuwekwa Uganda na Tanzania. Hii ndiyo ahadi ya kupimwa, na kupimwa kwake ni rahisi: lita ngapi zimo tangini leo, na ni za nani. Mafuta ya kampuni binafsi yaliyopumzishwa tangini yakingoja mnunuzi hayahesabiki kuwa akiba. Mwenyewe anaweza kuyatoa kesho. Depo kubwa iliyopangwa Namwambula, Mpigi, ingesaidia sana, ila tangi tupu ni gharama tu. Kulijaza kunahitaji fedha ya kulala humo bila kuzaa, na wizara ya fedha yoyote huona uchungu kufanya hivyo.

Wa tatu ni bomba la KPC. Mwaka 2025 Bunge la Kenya liliidhinisha kuuzwa kwa asilimia 65 ya hisa za serikali katika kampuni hiyo. Mwenye hisa binafsi hutaka gawio, na njia fupi ya gawio ni ada ya kusukuma mafuta. Kampala ikiwa imeelekeza nguvu zote kwenye nyongeza ya Mombasa, ada hiyo inaweza kuila nafuu kimyakimya. Wanaofuatilia mambo haya waitazame ada ya bomba kwa macho yale yale waliyotazamia nyongeza.

Mbele zaidi kuna Hoima. Machi 2025 Uganda ilisaini mkataba na Alpha MBM ya Falme za Kiarabu wa kujenga kiwanda cha kusafisha mapipa 60,000 kwa siku, Alpha wakiwa na asilimia 60 na UNOC asilimia 40. Mapipa hayo ni kama lita milioni 9.5 za mafuta ghafi, kwa hiyo kiwanda kikikamilika na kufanya kazi kwa ukamilifu kingeweza kuzidi mahitaji ya nchi kwa bidhaa nyingi. UNOC ingekuwa mwagizaji wa pekee na wakati huo huo mshirika katika kiwanda kinachoondoa haja ya kuagiza, huku ikidaiwa na yule inayeagiza kwake. Vipengele vya kuvunja au kupunguza mkataba wa Vitol kiwanda kitakapoanza ndivyo vinavyotakiwa kusomwa leo, kabla saruji haijamwagwa. Na Kenya ya magharibi, kuanzia Kisumu hadi Kakamega, iko karibu zaidi na Hoima kuliko wengi wanavyodhani. UNOC ikitaka kuuza huko, itahitaji tena leseni ya EPRA, na safari hiyo itakuwa kweli inauza ndani ya Kenya.